Jinsi ya kuomba ruhusa kwa mwenye nyumba ukitaka kufuga chatu, kobe, kasuku au mnyama mwingine asiyezoeleka

Kuomba ruhusa ya paka huwa ni suala la dakika mbili, unamwambia mwenye nyumba, anakubali au anakataa, mnaendelea na maisha. Ila ukitaja chatu, au buibui mkubwa mwenye manyoya, au hata kobe tu, mambo yanabadilika hapo hapo, maana mtu akisikia nyoka anaanza kumuona anatokea kwenye choo cha jirani, na akishafika huko umeshanyimwa kabla hujamaliza kuongea. Mi yalinikuta. Nilimuomba mwenye nyumba wangu kwa mdomo, siku ya kulipa kodi, tumesimama mlangoni, nikamwambia "mzee, naomba nifuge nyoka", basi. Akasema hapana na hakutaka kusikia neno lingine. Miezi kadhaa baadae nikamuandikia barua, mzee yule yule, nyoka wa aina ile ile, akakubali. Tofauti ni kwamba mara ya pili nilimpa vitu vya kusoma, kuangalia na kushika kwa mkono wake, sikumuachia aogope peke yake. Sasa ntaeleza nilivyofanya, na jambo moja naliweka mbele kabisa: haya yote yanafanyika kabla mnyama hajaingia ndani. Akishaingia we huombi tena, we unajitetea.

Hatua ya 1: soma mkataba wako wote

Usitafute neno "wanyama" tu. Angalia na sehemu zinazoongelea mifugo, harufu, kelele, usumbufu kwa majirani, vifaa vya umeme, na mabadiliko ndani ya nyumba (ukitaka kutoboa ukuta ufunge kizimba, hiyo ni ruhusa nyingine). Mkataba ukikaa kimya haimaanishi umeruhusiwa, wengi hapo ndo wanakosea, wanasema "mbona haijaandikwa nisifuge" halafu wanakuja kuambiwa wamesumbua wapangaji wengine na kipengele cha usumbufu kipo. Na mkataba ukisema hakuna wanyama kabisa bado unaweza kuomba, ila ujue unaomba nyongeza ya mkataba, kwahiyo lazima iandikwe na isainiwe na pande zote mbili. Kama ni jengo lenye kamati au meneja ulizia na sheria za jengo, maana mwenye nyumba anaweza akakubali halafu jengo lenyewe likakataa.

Hatua ya 2: hakikisha sheria inakuruhusu

Mwenye nyumba hawezi kukuruhusu kitu ambacho sheria imekataza, na akigundua ulimuombea mnyama wa magendo hatokuamini tena kwa lolote. Wanyama wengi wa aina hii wako chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, CITES, uliosainiwa 1973 na kuanza kazi 1975. Chatu wote wamo kwenye orodha zake. Kasuku wa kijivu, yule anayeiga sauti za watu, mwaka 2016 iliamuliwa apandishwe kwenye Kiambatisho cha Kwanza, ambacho ndo kikali kuliko vyote, kwa sababu walikuwa wanakamatwa porini mno. Kwahiyo uliza ofisi ya wanyamapori ya unapoishi kama aina unayoitaka inafugwa kwa kibali au haifugwi kabisa, na anayekuuzia akupe risiti na karatasi ya kuonyesha mnyama amezaliwa kwenye ufugaji. Kama anazungusha zungusha kuhusu karatasi, achana naye. Hapo naongea kwa uchungu kabisa, kobe anayeuzwa kwenye boksi bila karatasi mara nyingi kuna mahali aling'olewa porini, na sisi tunaopenda hawa viumbe hatutakiwi kuwa ndo soko lake.

Hatua ya 3: mjue mnyama wako kwa namba

Hii hatua ndo imebeba ombi zima. Mwenye nyumba akiuliza "anakuwa mkubwa kiasi gani" usijibu "siyo sana".

Chatu niliyemuomba mimi ni Python regius, yule mdogo wa Afrika Magharibi na Kati anayejikunja kama mpira akiogopa. Dume hukaa kwenye mita moja hivi, jike anaweza kufika mita moja na nusu, hana sumu, mkubwa anakula mara moja kwa wiki moja au mbili, na akitunzwa vizuri anaishi miaka 20 hadi 30. Ukimpa mtu maelezo hayo, yule joka wa kumeza mbuzi aliyekuwa kichwani mwake anaanza kupungua mwenyewe.

Namba zinaweza pia kukukatalia wewe, na ni bora zikukatalie mapema. Kobe wa Sulcata anauzwa akiwa anaenea kiganjani, mzuri kweli, ila akikomaa anaweza kupita kilo 50 na kazi yake ni kuchimba mashimo, huyo siyo wa nyumba ya kupanga na usimuombee. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi na sauti yake inapita ukutani, kwahiyo usije ukaandika kwenye barua kwamba hana kelele. Samaki watu wanawaona ni wepesi, ila lita moja ya maji ni kilo moja, tangi la lita 200 lina kilo 200 za maji peke yake kabla hujaweka kioo, mawe na stendi, na kama unakaa ghorofani mwenye nyumba ana haki kabisa ya kuuliza sakafu itabeba au la. Umeme nao upigie hesabu: taa ya joto ya wati 100 ikiwaka saa 12 inakula yuniti 1.2 kwa siku, kama mnashea mita sema mapema utalipaje.

Hatua ya 4: jibu hofu zake kabla hajauliza

Kwa nilivyoona, hofu huwa ni kutoroka, harufu, moto, magonjwa, na majirani watasemaje. Kutoroka ndo kubwa, hasa kwa nyoka, na hofu hiyo ina msingi kwa sababu nyoka usiku kazi yake ni kusukuma kila kona kwa pua, mfuniko ukiwa umewekwa tu juu bila kufungwa atautoa. Kabati langu lina milango miwili ya kioo inayopishana, na katikati pale vioo vinapopandiana kuna kufuli dogo la meno, lile la makabati ya maduka ya simu, ukilisukuma linalia tak tak tak mpaka kioo hakisogei hata kidogo. Matundu ya hewa yana wavu wa chuma, na tundu la waya wa taa nililizungushia silikoni. Nilipiga picha kila kimoja kwa karibu.

Moto: taa ya joto au mkeka wa joto uwe na themostati (kifaa kinachokata umeme joto likifika kiwango ulichoweka), na taa iwe ndani ya kikapu cha waya, isiguse mbao wala mnyama. Harufu: nyoka na mijusi hawanuki ukisafisha, ila panya, sungura na ndege wananuka usipobadilisha matandiko, kwahiyo sema unabadilisha siku gani na uchafu unatupa wapi. Chakula pia kitaje. Kama mnyama anakula nyenje eleza unawaweka wapi, maana nyenje watano wakitoroka jengo zima halilali.

Magonjwa usiyafiche. Kobe, nyoka na mijusi wanaweza kubeba bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuonekana wanaumwa, na watoto chini ya miaka mitano ndo wanaathirika zaidi, Marekani walipiga marufuku kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi 4 tangu 1975 kwa sababu hiyo hiyo. Kwahiyo andika kabisa kwamba vyombo vyake havioshwi kwenye sinki la jikoni, unanawa kwa sabuni kila ukimshika, na watoto wa jirani hawamgusi bila mzazi. Nilidhani hiki kipande kitamtisha mzee, kumbe ndo kilimfanya aone nimejipanga, alinambia mwenyewe.

Hatua ya 5: andika barua

Ukurasa mmoja unatosha. Meseji ya WhatsApp ni ya kumjulisha tu kwamba barua inakuja, usimwage ombi lote huko kwa voisi. Yangu ilikuwa karibu na hivi:

*Mzee, shikamoo. Mimi ni mpangaji wako wa chumba cha juu, nina miaka miwili hapa na kodi sijawahi kuchelewesha. Naomba ruhusa yako ya maandishi nifuge nyoka mmoja, chatu mdogo aina ya Python regius, jike, ana sentimita 90 na akikomaa anaweza kufika mita moja na nusu. Hana sumu. Atakaa kwenye kabati la kioo lenye kufuli chumbani kwangu na hatotolewa nje ya chumba hicho isipokuwa akienda kwa daktari. Anakula panya wa kugandishwa ninaonunua, sitofuga panya hai. Nimeambatanisha kibali, karatasi ya alikozaliwa, picha za kabati, na namba ya daktari wa mifugo niliyeongea naye. Nikisafiri atahudumiwa na mtu mmoja ambaye nitakutambulisha. Niko tayari kuongeza dipoziti, na unaweza kuja kukagua ukinipa taarifa siku moja kabla. Naomba tuanze na miezi mitatu ya majaribio. Nyoka bado hajaletwa, kabati liko tayari, nakukaribisha uje uliangalie kwanza.*

Weka tarehe, saini, baki na kopi. Dipoziti usitaje kiasi ambacho huna, na usiahidi vitu ambavyo mnyama hawezi kuvitimiza.

Hatua ya 6: mkaribishe aone

Mzee alikuja na mkewe. Sikuongea sana, nilimpa ufunguo nikamwambia "mzee hebu funga, halafu jaribu kufungua bila ufunguo". Akavuta, akasukuma, akaingiza kucha pale kwenye kioo, haikusogea. Mama akauliza watu wakienda kulala taa ya joto inakuwaje, nikamuonyesha themostati na taa inavyojizima yenyewe. Hapo ndo ruhusa ilipopatikana, kwenye yale mavuto matatu ya kioo. Kama una mnyama tayari kwa rafiki au kwa mfugaji usije naye siku hiyo, na picha zako ukiwa umemvaa shingoni usizionyeshe kabisa, we unaona mapenzi, yeye anaona kaburi.

Hatua ya 7: "sawa" yake iandikwe

Nyumba zinauzwa, meneja anabadilishwa, mzee anaachia watoto, na "sawa" ya mdomo inapotea siku hiyo hiyo. Andikeni karatasi ya nyongeza ya mkataba: aina ya mnyama, idadi yake, chumba atakachokaa, dipoziti ya ziada na itarudishwa lini, muda wa majaribio, na nini kitafanyika kukiwa na malalamiko (omba upewe notisi ya maandishi na siku za kurekebisha, mnyama asitolewe usiku mmoja). Sainini wote, kila mtu na kopi yake. Siku hiyo hiyo piga picha sakafu, kuta na dari ya hicho chumba.

Akikataa

Muulize kwa upole ni kitu gani hasa kinampa shida. Wakati mwingine ni kabati, wakati mwingine ni jirani mjamzito anayeogopa, wakati mwingine ni bima ya nyumba, na kila moja ina jibu lake. Unaweza kuomba mnyama mdogo zaidi, au uombe tena mkataba ukifika muda wa kuongezwa. Akisema hapana ya mwisho, basi ni hapana, tafuta nyumba nyingine kwa utaratibu.

Ila kumficha hapana, nakuomba sana. Anayeumia ni mnyama. Siku ya ukaguzi anatiwa kwenye begi anapelekwa kwa rafiki asiye na taa ya joto, na hawa wa damu baridi bila joto hata chakula hakisagiki tumboni. Akiumwa unaogopa kumpitisha getini kwenda kwa daktari. Akitoroka huwezi hata kuwaomba majirani wamtafute, na watakaomkuta bila kuambiwa watampiga, ndo hivyo watu walivyo wakikuta nyoka.

Ukishapewa ruhusa ni ya huyo mmoja tu, wa pili unaomba upya. Mi kila baada ya miezi mitatu humtumia mzee picha ya kabati likiwa safi, bila kuombwa, na mara ya mwisho aliniuliza yeye kama nyoka ameshajivua gamba.