Namna ya kusoma majibu ya PD-L1 ya mgonjwa wa saratani ya mapafu

Kazi yangu ni kukata vinyama vilivyotolewa kwa wagonjwa na kuvipaka rangi kwenye maabara ya patholojia, Dar es Salaam. Majibu husainiwa na daktari, ila ndugu wanaokuja na bahasha hunikuta mimi dirishani, na swali huwa lile lile: "Dada, hii asilimia 60 ndiyo saratani ilivyoenea?" Hapana, haihusiani kabisa na kuenea. Toa karatasi yako tuisome.

Asilimia iache kwanza. Tafuta panapoelezwa kinyama chenyewe, kama kilitosha. Kipimo hiki kinataka seli hai za saratani zisizopungua 100 kwenye slaidi. Zikipungua, jibu sahihi ni "hakitoshi", na hilo si sawa na sifuri. Sifuri ni jibu. "Hakitoshi" maana yake bado hujajibiwa. Sababu nyingine ya kukosa jibu ni utunzaji: kinyama kinatakiwa kizamishwe kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, mapema na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kilicholala wikiendi nzima kwenye maji ya dripu kinafika kwetu kimeshaharibika. Ukiambiwa kitolewe kingine, kubali. Najua wengi wanaogopa kwamba saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Hofu hiyo imechelewesha wagonjwa wengi kuliko sindano yenyewe.

Sasa hiyo PD-L1 ni nini? Ni protini inayokaa kwenye utando wa seli. Seli T, askari wa kinga ya mwili, zina mwenzake anayeitwa PD-1, aliyegunduliwa Kyoto mwaka 1992 kwenye maabara ya Tasuku Honjo, ambaye mwaka 2018 alipata Nobeli pamoja na James Allison. Zikishikana hizo mbili, seli T inapoa. Ni breki ya kawaida, ili kinga isiushambulie mwili wenyewe. Saratani huitumia kujificha. Kinachonivutia zaidi ni hiki: seli T zinaposhambulia humwaga interferoni gamma, na ishara hiyo hiyo ndiyo huifanya seli ya saratani iongeze PD-L1. Kwa hiyo asilimia kubwa mara nyingi inaonyesha kwamba kinga ilishafika na ikazimwa, na dawa za kufungua breki zinapata pa kuanzia.

Haya, asilimia. Kwenye karatasi huandikwa TPS, yaani sehemu ya seli za saratani zenye PD-L1. Chini ya darubini tunatafuta rangi ya kahawia inayozunguka ukingo wa seli mithili ya pindo la kanga. Pindo likiwa nusu au limefifia, seli inahesabiwa. Kahawia ikiwa katikati tu, haihesabiwi. Makrofeji, seli za kinga zinazomeza uchafu, nazo hushika rangi, nyingine zimebeba masizi meusi ya sigara au ya jikoni, lakini hazimo kwenye hesabu hii. Basi 60 maana yake ni kwamba kati ya seli 100 za saratani, 60 zina pindo. Madaktari hugawa hivi: chini ya 1, 1 hadi 49, na 50 kwenda juu.

Usifurahie 60 kabla hujaona majibu ya EGFR na ALK, jeni mbili zinazopimwa kwenye saratani hiyo hiyo. Yakiwa na mabadiliko, kwa kawaida mgonjwa huanza na vidonge vinavyolenga mabadiliko hayo, hata kama PD-L1 iko juu. Tena aliyetangulizwa dawa ya kufungua breki kisha akapewa osimertinibu, kidonge cha EGFR, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya mapafu kuvimba. Wiki mbili za kusubiri majibu hayo zinauma, lakini subiri kama daktari anaona hali inaruhusu.

Bila mabadiliko hayo, 50 na kuendelea inafungua mlango wa pembrolizumabu, mojawapo ya dawa za kufungua breki, peke yake. Utafiti wa KEYNOTE-024, wa wagonjwa 305 wa kundi hili, ulionyesha baada ya miaka 5 takriban 32 kati ya kila 100 walioanza nayo walikuwa hai, dhidi ya 16 walioanza na kemo. Ni mara mbili, lakini si wote. Atakayekuambia asilimia 60 ni uhakika wa kupona asilimia 60, mkatalie.

Ukienda kwa daktari wa saratani, mwambie mapema kama mgonjwa anatumia prednisoloni (dawa inayopunguza nguvu ya kinga), ana ugonjwa wa kinga kujishambulia, au amewahi kutumia dawa za TB. Wagonjwa wetu wengi huanzia huko kabla saratani haijajulikana. Uliza bei ya dozi zote: dripu huwa kila wiki 3, na inaweza kufika miaka 2. Akishaanza, kikohozi kipya, kubanwa pumzi au kuharisha kuripotiwe siku hiyo hiyo, hata miezi mingi ikiwa imepita.

Na kama mnampeleka India, ombeni bloku ya nta, ambamo kinyama kimehifadhiwa, pamoja na slaidi, karatasi peke yake haitoshi. Bloku msiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Nta huyeyuka.