Jinsi ya kununua kadi za wanamichezo onlaini bila kukamuliwa na walanguzi

Hii ni kwa wote mnaokusanya kadi za wachezaji, iwe NBA, soka au besiboli, na hasa ndugu zetu mlioko Marekani ambao watoto wameshaanza kuzililia. Huko ulanguzi ulifika pabaya mpaka Mei 2021 Target wakasimamisha kuuza kadi za michezo na za Pokémon madukani, baada ya mtu kushambuliwa kwenye maegesho ya duka lao kule Brookfield, Wisconsin, bastola ikatolewa, kisa kadi jamani. Mlanguzi anawahi asubuhi anakomba rafu nzima, boksi la dola 20 jioni liko onlaini kwa bei mara mbili mara tatu, na mtoto aliyekuja na vihela vyake alivyotunza anakuta rafu nyeupe. Inaniuma sana hii. Ila mlanguzi anaishi kwa sababu kuna anayemlipa, na njia za kutomlipa zipo.

Cha kwanza kabisa, bei iliyoandikwa kwenye tangazo siyo bei ya kadi, ni anavyotamani muuzaji. Ukiwa eBay tafuta kadi yako, nenda kwenye filta uchague vitu vilivyokwisha kuuzwa, hapo unaona mauzo ya siku 90 zilizopita. Ukikuta bei imepigwa mstari ujue waliafikiana kwa ofa na hela iliyolipwa ni ndogo kuliko hiyo, ingia tovuti ya 130point itakuonyesha waliishia ngapi. Chukua mauzo matano sita ya karibuni, toa ya juu kabisa na ya chini kabisa, zinazobaki ndo bei. Usishike mauzo moja tu, maana kuna wauzaji wanaojipandishia mnada wenyewe kwa akaunti za washkaji ili kadi ionekane ghali, afu hela hailipwi na wiki ijayo kadi imerudi sokoni.

Sasa hayo mauzo lazima yawe ya kadi ile ile, na hapa ndo wengi wanapigwa. Mchukue Hasheem Thabeet wetu, 2009 kwenye drafti ya NBA, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, alichaguliwa namba 2 na Memphis Grizzlies, Stephen Curry akachukuliwa namba 7, kwahiyo wote wana kadi za ruki, yaani za msimu wa kwanza, za 2009-10. Kuna kadi ya Curry ya kampuni ya Panini, seti ya National Treasures ya msimu huo, ina sahihi yake na kipande cha jezi chenye nembo ya NBA, iliuzwa dola milioni 5.9 mwaka 2021, lakini hiyo ipo moja tu dunia nzima. Muuzaji anakuja na kadi ya kawaida ya Curry, anaandika ruki 2009, anakutajia yale mamilioni na wewe damu inachemka. Seti moja ina matoleo kibao, ya kawaida, ya kung'aa, ya rangi, yenye namba kama 15/99 kwamba zilichapwa 99 tu. Soma jina la seti, soma namba ya kadi kule nyuma, jua ni toleo gani, ndo ulinganishe. Na wewe unayeitaka ya Thabeet kwa mapenzi ya nyumbani, safi kabisa, itafute, ila usikubali kutozwa hela ya Curry kisa mtu kaandika adimu.

Kuhusu gredi, PSA, kampuni ya kukagua kadi, wanapima hali ya kadi kuanzia 1 mpaka 10, wanaifungia kwenye kasha la plastiki, na kwenye tovuti yao kuna ripoti ya idadi ya kadi za kila gredi, bure. Kadi ya Michael Jordan ya kampuni ya Fleer ya 1986-87 kwa mfano, zenye 10 zipo mia tatu na kidogo hivi, zenye 8 ni maelfu, na bei ni mbingu na ardhi. Utakutana na tangazo la kadi tupu isiyo na kasha lolote, kichwa cha habari PSA 10 na alama tatu za kuuliza. Jiulize, kama anaamini ni 10 mbona hakuituma yeye akala faida? Ikiwa ndani ya kasha, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya PSA ulinganishe, kama picha ipo angalia kona na uchapaji umekaaje, kwa sababu kuna makasha feki yanayobeba namba halali. Hiyo Jordan inafojiwa sana, na kuna wengine wanaficha herufi RP mwishoni mwa tangazo, ni nakala iliyochapwa upya hiyo, ukilalamika anakwambia si niliandika.

Usinunue toleo jipya wiki ya kwanza. Hapo kadi bado chache, watu wana kiu, wengine wanauza hata kabla hawajaishika mkononi, na maboksi yakishafunguliwa kwa wingi bei nyingi zinashuka. Hata kubwa zinashuka, Jordan hiyo yenye 10 Januari 2021 ilifika dola 738,000, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa zinauzwa chini ya 300,000. Mimi nakushauri ununue kadi moja unayoitaka badala ya boksi la mlanguzi, na pakiti mojamoja usiguse kabisa, zingine zimeshapimwa uzito ili zenye kadi nzito, kama zile za kipande cha jezi, zitolewe kwanza.

Ukishajua bei tuma ofa, kwa adabu, na mwambie mauzo ya mwisho yalikuwa ngapi, wengi wanashuka wakiona unajua. Anayetaka umlipe PayPal kwa njia ya marafiki na familia mwache, huko hulindwi. Na kama uko Dar au Mombasa unapitishia mzigo kwa wakala wa Marekani, kumbuka eBay hawakulindi kadi ikishatumwa tena kutoka anwani ya kwanza, kwahiyo bora ifike kwa ndugu wa huko, aifungue, akupigie picha mbele na nyuma, mkiridhika ndo aisafirishe.