Namna ya Kusoma Hukumu ya Rufaa ya Ardhi Kutoka India ya Wakati wa Ukoloni

Mtu anayefungua kwa mara ya kwanza kitabu cha hukumu za rufaa za India ya wakati wa Waingereza huwa na swali moja kichwani: shamba lilikuwa la nani? Basi huruka majina ya wadaawa, huruka tarehe na namba za vifungu, akatafute mahali jaji anaposema kwamba mwenye haki ni fulani. Mara nyingi hapaoni, au hukuta sentensi inayofanana na jibu kumbe si jibu. Mahakama ya rufaa, hasa ile ya ngazi ya pili, mara nyingi haikuulizwa mwenye shamba ni nani. Iliulizwa kama mahakama ya chini, ilipokuwa ikilijibu swali hilo, ilivunja sheria. Kwa hiyo ni vyema kuisoma hukumu kinyumenyume. Soma kwanza aya ya mwisho, uone kama rufaa imetupwa, imekubaliwa, au shauri limerudishwa chini. Kisha rudi ukurasa wa kwanza uangalie ni rufaa ya aina gani. Ndipo usome katikati, penye ugomvi wenyewe.

Jambo la pili ni mwaka, kwa sababu ngazi za mahakama zilibadilika. Kabla ya 1862 kulikuwa na mifumo miwili iliyokwenda sambamba: Mahakama za Juu za Mfalme katika miji ya Calcutta, Madras na Bombay, na mahakama za Kampuni ya East India kwa maeneo ya nje ya miji hiyo, ambazo kilele chake katika mashauri ya madai kilikuwa Sadr Diwani Adalat. Sheria iliyopitishwa London mwaka 1861 iliunganisha mifumo hiyo, na mwaka 1862 zikafunguliwa Mahakama Kuu tatu katika miji hiyohiyo. Ya nne ilianzishwa mwaka 1866 huko Agra, ikahamia Allahabad miaka mitatu baadaye. Patna ikapata yake 1916 na Lahore 1919. Juu ya zote ilikaa Kamati ya Sheria ya Baraza la Mfalme, London, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1833, nayo iliendelea kupokea rufaa za India hadi 1949.

Baada ya mwaka, tafuta thamani ya dai kwa rupia. Wasomaji wengi huiona kama pambo la karani, ilhali ndiyo iliyoamua shauri lipite njia gani. Chini ya sheria ya mwaka 1887 iliyohusu mahakama za madai za Bengal, Assam na Mikoa ya Kaskazini-Magharibi, munsifu, yaani hakimu wa ngazi ya chini kabisa katika mashauri ya kawaida ya madai, alisikiliza madai yasiyozidi rupia 1,000, ingawa wengine walipewa uwezo wa kufikia 2,000. Shauri kubwa zaidi lilikwenda kwa jaji msaidizi, na thamani yake ikizidi rupia 5,000, rufaa kutoka kwake ilikwenda moja kwa moja Mahakama Kuu. Isipozidi, ilipitia kwanza kwa jaji wa wilaya. Kwenda London kulihitaji, kwa kanuni ya kawaida, thamani ya rupia 10,000 au zaidi, na iwapo Mahakama Kuu imekubaliana na mahakama ya chini yake, ilibidi pia pawepo hoja nzito ya kisheria. Utaona basi kwa nini wakili wa upande mmoja anahangaika kurasa tatu nzima kuthibitisha kwamba shamba lina thamani ya 10,200 na si 9,800. Hapo anagombea mlango wa London. Bei ya udongo ni kisingizio tu.

Kisha jua ni toleo lipi la Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai lililotumika. Yako manne: la 1859, la 1877, la 1882 na la 1908. Kanuni zilezile zilihama namba, na asiyejua hilo hudhani anasoma habari tofauti. Rufaa ya pili iko kwenye kifungu cha 584 katika toleo la 1882 na kifungu cha 100 katika la 1908. Uwezo wa Mahakama Kuu wa kuita jalada na kurekebisha ulitoka kifungu cha 622 ukaenda 115. Kanuni inayozuia kufungua tena shauri lililokwisha kuamuliwa ilitoka cha 13 ikaenda cha 11. (Toleo la 1908 ndilo lililotumika pia Tanganyika hadi lilipobadilishwa mwaka 1966, kwa hiyo mwanasheria wa kwetu akilisoma atajihisi yuko nyumbani.)

Rufaa ya pili ndiyo inayowapotosha wasomaji kuliko kitu kingine chochote. Rufaa ya kwanza ilifungua kila kitu: ushahidi, mashahidi, hati, sheria. Rufaa ya pili, iliyokwenda Mahakama Kuu baada ya jaji wa wilaya kumaliza kazi yake, iliruhusiwa kwa sababu chache tu: kwamba uamuzi ni kinyume cha sheria au cha desturi yenye nguvu ya sheria, kwamba hoja muhimu ya kisheria imeachwa bila kuamuliwa, au kwamba utaratibu umevurugwa kiasi cha kuweza kupotosha uamuzi wenyewe. Mwaka 1890, katika shauri la Durga Chowdhrain dhidi ya Jawahir Singh Chowdhri, Baraza la Mfalme lilisema waziwazi kwamba Mahakama Kuu haina mamlaka ya kusikiliza rufaa ya pili kwa sababu ya kosa la kupima ushahidi, hata kosa hilo liwe kubwa na lisilosameheka kiasi gani.

Sasa angalia matokeo yake katika usomaji. Jaji wa Calcutta akiandika kwamba jaji wa wilaya ameona mdaiwa alilimiliki shamba kwa miaka ishirini, na kwamba uamuzi huo unamfunga, hasemi kwamba anaamini miaka hiyo ishirini. Anasema mikono yake imefungwa. Nimeona maandishi ya historia yakiinukuu sentensi ya namna hiyo kama ushahidi kwamba Mahakama Kuu ilithibitisha umiliki wa ukoo fulani, na hilo ni kosa la kusoma bila kujua rufaa ni ya aina gani.

Mawakili nao hawakukaa kimya mbele ya ukuta huo. Waliuvaa ushahidi nguo za sheria. Badala ya kusema shahidi amedanganya, walisema hapakuwa na ushahidi wowote ambao uamuzi ungeweza kuegemea, na kukosekana kabisa kwa ushahidi ni hoja ya kisheria. Badala ya kusema mpangaji si mpangaji wa kudumu, walisema mahakama imetafsiri vibaya hati ya upangaji, au imetoa hitimisho lisilo la kisheria kutoka katika mambo yaliyothibitishwa. Kila ukikuta sababu za rufaa zenye lugha hiyo, jiulize ni malalamiko gani ya kawaida ya mkulima au kabaila yamefichwa chini yake.

Ombi la kuita jalada na kurekebisha lilikuwa jembamba zaidi. Katika shauri la Amir Hassan Khan dhidi ya Sheo Baksh Singh la mwaka 1884, Baraza lilieleza kwamba mahakama yenye mamlaka ya kuamua jambo, ikiliamua vibaya, haijavuka mamlaka yake. Mwombaji aliyeshindwa hapo huenda alikuwa na haki kabisa juu ya ardhi. Alikosa mlango tu.

Sasa kuhusu muda. Chini ya Sheria ya Ukomo ya 1908, rufaa kwa jaji wa wilaya ilipaswa kufunguliwa ndani ya siku 30, na Mahakama Kuu ndani ya siku 90, lakini siku zilizotumika kusubiri nakala ya hukumu hazikuhesabiwa. Kwa hiyo usihesabu kwa kalenda peke yake. Tafuta siku nakala ilipoombwa na siku ilipokuwa tayari, uzitoe katika hesabu, ndipo uone kama mrufani alichelewa. Na kama alichelewa, tafuta alitoa sababu gani, maana mahakama iliweza kumsamehe mwenye sababu ya kutosha.

Muda wa kudai ardhi yenyewe ulikuwa miaka 12, na hapa kuna jambo dogo lililoamua hatima ya mashamba mengi. Mdai aliyesema, “Nilikuwa nalimiliki shamba, nikafukuzwa,” aliangukia ibara ya 142, na ni yeye aliyepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa shambani ndani ya miaka 12 kabla ya kufungua shauri. Mdai aliyesimama juu ya hati yake tu, bila kudai kufukuzwa, aliangukia ibara ya 144, na hapo mzigo ulimwangukia mdaiwa kuthibitisha kwamba amekaa kwa miaka 12 kwa uwazi na kinyume cha mwenye hati. Shamba ni lilelile na mashahidi ni walewale. Sentensi moja katika hati ya madai iliyoandikwa na mwandishi wa barazani ndiyo iliyoamua nani abebe mzigo. Ukiweza kupata hati ya madai, isome kabla ya hukumu.

Kuhusu sheria ya mali, usidhani ilikuwa moja. Wahindu wa Bengal walifuata zaidi mafundisho ya Dayabhaga, ambako mtoto hana fungu katika mali ya baba hadi baba afe. Sehemu nyingine kubwa ya India ilifuata Mitakshara, ambako mtoto wa kiume alikuwa na haki katika mali ya mababu tangu kuzaliwa. Waislamu walifuata sheria yao ya mirathi na wakfu. Mashauri machache yanarudi tena na tena katika vitabu, na ni afadhali kuyajua. Lile la Hunooman Persaud Panday la mwaka 1856 linahusu mama aliyeweka rehani mali ya mtoto wake mdogo. Baraza lilisema msimamizi ana uwezo huo kwa shida ya kweli au kwa faida ya mali, na mkopeshaji ana wajibu wa kuchunguza kama shida ipo, ila halazimiki kufuatilia fedha zilitumikaje. Lile la Ramnad la mwaka 1868, Mkusanya Kodi wa Madura dhidi ya Moottoo Ramalinga, lilitangaza kwamba katika sheria ya Kihindu desturi iliyothibitishwa wazi hushinda maandiko. Na lile la Abul Fata la mwaka 1894 lilibatilisha wakfu uliowekwa kwa ajili ya uzao wa mweka wakfu, huku maskini wakiachiwa tumaini la mbali mno. Waislamu wa India walilalamika hadi ikapitishwa sheria ya mwaka 1913 ya kuhalalisha wakfu za namna hiyo.

Mafungu ya ardhi yanahitaji kalamu na karatasi. Mali nzima ilihesabiwa kama rupia moja, yaani ana 16, na kila ana ina pai 12, hivyo mali nzima ni pai 192. Fungu la ana 8 ni nusu. Ukikuta mtu anadai “ana 2 na pai 8”, geuza yote kuwa pai: mara mbili kumi na mbili ni 24, ongeza 8, unapata 32, ambayo ni sudusi ya 192. Katika familia ya Kiislamu hilo huenda ni fungu la mama wa marehemu aliyeacha watoto, na thumuni ya mjane itaonekana kama ana 2 kamili. Hesabu hiyo mara nyingi hufichua uhusiano wa kifamilia ambao hukumu haikuutaja. Tarehe za hati nazo huwa za kalenda ya Kibengali, inayoanza katikati ya Aprili. Ongeza 593 kwa miezi ya kabla ya Januari na 594 kwa inayofuata, ili mwaka 1301 uwe 1894 hadi 1895. Kosa la mwaka mmoja hapa linaweza kuivusha au kuizamisha ile miaka 12.

Rejea za vitabu hazina ugumu. “I.L.R. 18 Cal. 23” ni juzuu ya 18 ya mfululizo wa Calcutta katika ripoti rasmi zilizoanza 1876, ukurasa wa 23, “M.I.A.” ni ripoti za Moore za rufaa zilizofika London hadi 1872, na “I.A.” ni zilizofuata.

Usishangae ukigundua kwamba rufaa uliyoishika haibishanii umiliki hata kidogo, bali ukazaji wa hukumu, yaani kuitekeleza: mnada wa shamba uliotangazwa vibaya, ombi lililochelewa, mdeni aliyekufa na warithi wake wasiingizwe. Mwaka 1872 Baraza la Mfalme lenyewe lilisema kwamba matatizo ya mdaawa wa India huanza pale anapopata hukumu. Ukoo mmoja unaweza kutokea katika ripoti mara tatu au nne kwa miaka thelathini, kila mara kwa jina la mrithi mwingine, kwa hiyo tafuta kwa jina la mali au kijiji, si kwa jina la mtu tu.

Na ikiwa aya ya mwisho, ile uliyoanza nayo, inasema shauri limerudishwa kwa mahakama ya chini, basi hukumu uliyoshika haina mwisho wa kisa. Andika namba ya shauri la awali, jina la mahakama iliyolisikiliza kwanza na wilaya yake, kwa maana uamuzi uliofuata kwa kawaida haukuchapishwa kitabuni, na kama bado upo, umo katika majalada ya wilaya hiyo.