Kumvua nguru kwa kayaki, nje ya Kunduchi

Mimi hutoka Kunduchi, Dar es Salaam, saa kumi na moja alfajiri, jaketi okozi mwilini, siku ambazo bahari imelala. Kusi ikivuma sitoki. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975; humo usivue, pita nje kabisa.

Anza na waya, kati ya mshipi na ndoana. Nguru ana meno ya wembe, nailoni anaikata hata hujajua umeguswa. Chambo ni kibua mzima, mbichi. Ndoana ya kwanza ipite puani, ya pili ichome mgongoni karibu na mkia. Hiyo ya pili ndiyo kazi yote. Msimu mzima nilikuwa navuta vichwa vitupu vya vibua, mpaka mzee mmoja wa ngalawa akanishika mkono: “Mwanangu, samaki huyu huanzia nyuma.”

Kisha piga kafi taratibu, pale maji ya kijani yanapogeuka buluu, mshipi ukiburuzika mita 30 nyuma yako.

Akishika, atakimbia. Mwache! Breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, iwe laini, ukikaza mdomo unachanika. Elekeza omo, yaani mbele ya kayaki, anakokwenda. Akikuvuta ubavuni utapinduka. Akichoka, mtie kulabu nyuma ya kichwa, mpige rungu akiwa bado majini, ndipo umpandishe, maana meno yale yatakaa karibu na mapaja yako. Mkate matamvua damu imwagike, umfunike barafu papo hapo. Nguru aliyepigwa jua nyama yake hulegea.