Pete ya Fedha yenye Krisoprasi ya Haneti: Namna ya Kuitengeneza na Kumrithisha Mtoto Ufundi Wake

Mtoto wa sonara hufundishwa moto kabla ya kukabidhiwa jiwe. Krisoprasi, jiwe la kijani linalopatikana Haneti, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, hupata rangi yake kutokana na nikeli, na rangi hiyo huweza kufifia jiwe likipata joto kali au likianikwa juani muda mrefu. Kwa hiyo kazi yote ya moto humalizwa kwanza, ndipo jiwe lipachikwe.

Anza na kipimo. Chukua kipenyo cha ndani cha pete, ongeza unene wa bati la fedha, kisha zidisha kwa 3.14: kipenyo kikiwa milimita 18 na bati milimita 1.5, utakata ukanda wa milimita 61 na ushee. Tumia fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha katika kila 1000, kwa maana fedha tupu ni laini mno kwa pete ya kuvaliwa kila siku.

Kisha upashe ukanda moto ili ukubali kupindwa. Hapa ndipo ufundi wa ukoo ulipo, na hapa namsihi mzazi asiharakishe. Fanya kazi hii chumbani penye kivuli na dirisha wazi, kwa sababu jua la Dodoma huficha wekundu wa fedha, na anayengoja kuuona uwanjani huenda akauona ukanda ukiyeyuka kwanza. Wekundu hafifu ukichomoza, ondoa moto mara moja. Mketishe mtoto kando yako, mwache ataje mwenyewe rangi ilipofikia, wala usimpe tochi ya gesi mpaka aitaje sawasawa bila kusaidiwa.

Pinda ukanda kwa nyundo ya mbao hadi ncha zigusane bila mwanya, paka boraksi, dawa inayosaidia kiungo kushika, weka kipande kidogo cha fedha ya kulehemia, kisha pasha pande zote mbili kwa usawa, kwani fedha hiyo ikiyeyuka hukimbilia upande wenye joto zaidi. Ukingo mwembamba wa kushikia jiwe ulehemu kwa fedha inayoyeyuka kwa joto dogo zaidi, ili kiungo cha kwanza kisifumuke. Ondoa weusi kwa maji ya moto yenye asidi ya limau, ukitumia kibano cha shaba, maana cha chuma huiachia fedha utando mwekundu. Malizia kwa tupa na msasa.

Sasa pachika jiwe, ukiulaza ukingo kidogo kidogo, kwa zamu, pande zinazotazamana.

Mwisho, andika katika daftari la familia kipimo, kiwango cha fedha na mahali ulipolehemu, ili fundi atakayempanulia mjukuu pete hiyo ajue pa kukata, na akumbuke kulitoa jiwe kabla ya kuwasha moto.