Somo: Kuandaa mafunzo mseto ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua

Somo hili ni la wakufunzi wa uuguzi, ukunga na utabibu wanaotaka kuunganisha masomo ya mtandaoni na mazoezi ya darasani. Nimechagua huduma kwa mtoto anayezaliwa bila kupumua kwa sababu inadai uamuzi wa haraka na mikono iliyozoea. Helping Babies Breathe, programu ya kuwafunza wahudumu kuwasaidia watoto wachanga kupumua iliyozinduliwa mwaka 2010, huiita dakika ya kwanza ya maisha "dakika ya dhahabu": kabla haijaisha, mtoto awe anapumua au awe ameanza kupewa hewa.

Hatua ya kwanza ni kugawa maudhui. Sababu za mtoto kushindwa kupumua, maandalizi ya vifaa na mfuatano wa huduma vinaweza kusomwa mtandaoni. Kushika barakoa ya mfuko wa kumpa mtoto hewa ili isivuje usoni pake hakuwezi. Nalisisitiza hili kwa kuwa wengi wetu hupakia slaidi zilezile za darasani, kisha tukazisoma upya kipindini, na mwanafunzi akabeba mzigo mara mbili bila kupata stadi yoyote.

Hatua ya pili, andaa video fupi, kila moja na jambo lake, pamoja na jaribio lenye visa: mtoto amekaushwa na kusuguliwa mgongo, bado hapumui, utafanya nini? Soma majibu kabla ya kipindi, maana ndiyo yatakayokuonyesha pa kuanzia.

Hatua ya tatu ni kipindi chenyewe, nacho kisiwe hotuba. Fafanua makosa yaliyojitokeza kwenye jaribio, kisha wagawe wanafunzi watatu watatu kwa kila mdoli wa mazoezi mwenye umbo la mtoto mchanga: mmoja anahudumia, wa pili anaangalia saa, wa tatu anafuata orodha ya ukaguzi. Pumzi ziwe kama 40 kwa dakika, na kila pumzi ikiinue kifua. Kifua kisipoinuka, mwanafunzi aanze kwa kurekebisha barakoa na mkao wa kichwa kabla ya kufikiria kuubana mfuko kwa nguvu zaidi.

Hatua ya nne, inayopuuzwa kuliko zote, ni kurudia. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walibaini kwamba mafunzo ya siku moja yaliinua uwezo wa wahudumu mbele ya mdoli, lakini hayakubadili utendaji wao katika chumba cha kujifungulia. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015. Kwa hiyo mdoli ukae karibu na wodi ya wazazi, usifungiwe kabatini.

Maswali ya wanachama

*Mkufunzi, Kigoma:* Wanafunzi wangu kadhaa hawana bando la uhakika. Nifanyeje?

Ukitumia Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo ya mtandaoni, programu yake ya simu huruhusu kupakua masomo na kuyasoma bila intaneti, hivyo wapakue wakiwa chuoni. Asiye na simu janja atengewe kompyuta na muda wa kuitumia. Asiachwe aazime kwa wenzake.

*Mwanafunzi wa ukunga, Mbeya:* Shikamoo mwalimu. Nikifaulu jaribio la mtandaoni, bado nahitaji mtihani wa vitendo?

Marahaba. Ndiyo, tena bila msamaha. Mtihani wa vituo, yaani ule ambao mtahiniwa hupita kituo hadi kituo akitenda kazi tofauti, na ambao Ronald Harden na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, waliueleza mwaka 1975, ulibuniwa ili mtahiniwa aonekane akitenda, na kila mmoja apimwe kwa vigezo vilevile. Jaribio la mtandaoni linapima kama unaijua hatua inayofuata, lakini haliwezi kuona hewa inayovuja pembeni mwa barakoa yako.

*Muuguzi mkufunzi, Kilifi:* Tuna mdoli mmoja na darasa kubwa.

Usiwakusanye wote kuutazama. Weka zamu za vikundi vidogo katika wiki nzima, na wanaosubiri wafanye visa vya mtandaoni kwa wakati huohuo. Kila mwanafunzi asainiwe pale tu anapoweza kuinua kifua cha mdoli ndani ya dakika moja bila kuelekezwa.