Rosela baridi yenye asumini, kwa siku za kaskazi

Mwezi wa pili hapa Tanga upepo wa kaskazi unavuma lakini haupozi kitu, na chai ya maziwa ya saa kumi jioni inageuka adhabu. Siku hizo birika langu hupumzika. Nakunywa rosela baridi iliyolala usiku kucha na maua ya asumini.

Rosela wengine wanaiita choya. Wasudani wanaiita karkade, na Senegali ni bissap. Wengi wanadhani kile chekundu tunachochemshia ni ua. Ua lenyewe ni la rangi ya maziwa, lina doa jekundu katikati, huchanua siku moja likanyauka. Tunachokausha ni kile kikombe kinene kinachobaki kimelikumbatia tunda, na uchachu wote umo humo.

Sokoni usinunue kwa macho tu. Chukua kimoja ukikunje. Kizuri ni chekundu cha kukaribia weusi, na hupinda kidogo kabla ya kukatika. Kikiwa kahawia na kinasagika kama vumbi, kimekaa sana. Kingine kitafune: ukisikia mchanga, ujue ilianikwa chini. Mimi bei ikiwa nzuri naichukua hivyo hivyo, ila naisuuza mara mbili haraka haraka. Ukiiroweka wakati wa kuosha, rangi yote umeimwaga.

Kwa lita mbili za maji natumia kikombe kimoja cha chai kilichojaa rosela kavu, mabua matatu ya mchaichai niliyoyaponda kwa mchi, na tangawizi ukubwa wa kidole gumba. Chemsha maji peke yake. Yakishatokota epua, kisha uyamimine juu ya rosela na viungo ndani ya bakuli la glasi, la udongo au la enameli. Sufuria ya alumini iache, uchachu huo unaila na kinywaji kinapata ladha ya bati. Funika dakika ishirini. Usirudishe motoni! Rosela iliyochemshwa sana huwa chachu ya kukunja uso, na utaishia kumwaga sukari isiyo na hesabu.

Maji nayo yana lake. Mwaka wa kwanza nilitia kiganja kimoja cha rosela kwenye ndoo nzima ya maji ya kisima, kwa ubahili wangu, na kisima chenyewe ni cha chumvi. Ikatoka zambarau iliyofifia kama kanga iliyofuliwa mara mia. Nikamlaani muuzaji wa watu. Shangazi alipokuja hakuigusa, akaniuliza tu: "Mwanangu, haya maji umeteka wapi?" Akakamulia ndimu, akakoroga, na ile rangi ikarudi nyekundu mbele ya macho yangu. Wekundu wa rosela unasimama kwenye uchachu. Ukiupunguza, rangi inahama. Tangu siku hiyo natumia maji ya bomba au ya mvua, na rosela siipunji.

Chuja kwa kitambaa cheupe usichokionea huruma, maana hakitakuwa cheupe tena. Tia sukari ingali moto iyeyuke. Anza na nusu kikombe, uonje.

Sasa asumini. Yangu iko mlangoni, na nachuma matumba wakati wa magharibi, yale meupe yaliyovimba lakini hayajafunguka, kama ishirini hivi. Yatachanua yenyewe usiku ndani ya kinywaji, na hapo ndipo harufu inapotoka. Sharti rosela iwe imepoa kabisa: ukiyatia kwenye moto yanaiva, na utanusa majani ya kuchemsha tu. Funika, weka kwenye friji. Asubuhi yaopoe mapema, kabla hayajawa ya kahawia, la sivyo yanaacha uchungu. Tafadhali usichomoe maua ya kikuba, kile kishada cha kunukia, alichokuletea mtu. Yale yamenyunyiziwa marashi, na mle kuna langilangi, ambayo ni ya kunukia, si ya kunywa. Na kama mti si wako, uliza kwanza kama umepigwa dawa ya wadudu.

Asiye na friji atumie mtungi, ila ainywe siku ile ile. Kwenye friji inakaa siku tatu.

Mwenye mimba, mwenye presha ya kushuka, au anayemeza dawa za presha azungumze na daktari kwanza, kwa sababu rosela inaweza kushusha presha.

Makapi usitupe. Yatwange kidogo, tia sukari nusu ya ujazo wake na maji kiasi cha kufunika, bandika moto mdogo hadi yashikane. Unapata jamu ya kupaka mkate wa asubuhi. Kwangu watoto huigombania kuliko hicho kinywaji.